Ukara mpaka Mwanza na barua ya rufaa: siku kumi na moja za Agosti 2024

Nimesharudi Nansio, mjini kwetu Ukerewe. Cherehani iko mbele yangu na oda za watu zimenilalia, lakini kabla sijasahau acha niandike safari ya kumsindikiza dada yangu kutoka kisiwa cha Ukara mpaka hospitali Mwanza. Nauli na bei nyingine nilikuwa naziandika kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya nguo. Yaliyobaki nimeyatoa kwenye risiti na picha za simu. Dada yangu ameniruhusu kusimulia ila jina lake lisionekane, kwa hiyo humu ndani yeye ni "dada" tu. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitano, mama wa watoto watano, na mumewe ni mvuvi wa dagaa.

Jumapili 18 Agosti: Nansio, Bugolora, Ukara

Mchomoko wa Bugolora hauondoki mpaka ujae, na kujaa kwake si kujaa kwa kawaida. Tulikaa saa moja na nusu tukimsubiri abiria wa nane kwenye gari la watu watano. Shilingi 4,000, na vumbi la bure.

Pale Bugolora kwenye kivuko wanahesabu watu. Aliyekuja Ukara zamani atashangaa, sisi hatushangai. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka gati la Bwisya likiwa linaonekana kwa macho. Walikufa zaidi ya watu 200. Wiki ile sikushona gauni hata moja, nilikata shuka nyeupe tu. Kwa hiyo kijana wa kivuko aliponiambia, "Mama, subiri zamu inayofuata, tumetimia," sikumjibu neno. Nilikaa chini ya mti nikanunua machungwa.

Nilifika kwa dada jua linazama. Ugali wa muhogo, dagaa wa kukaanga, na shemeji yumo ndani, jambo ambalo si la kawaida saa hizo. Ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na fedha nazo zinapumzika. Dada alikuwa amepiga hesabu zake: safari iwe wiki hii kwa sababu baba watoto yuko nchi kavu, atawaangalia watoto. Tatizo ni kwamba wiki ya kumpata baba ndiyo hiyo hiyo ya kutokuwa na senti.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na maumivu. Mwezi wa saba alikwenda kituo cha afya kupima mlango wa kizazi kwa siki. Alikwenda kwa sababu jirani alimvuta mkono, na kwa sababu ni bure. Nesi akaona weupe pale ambapo hautakiwi.

Jumatatu 19 Agosti: kituo cha afya, halafu kivuko

Kituo cha afya cha Bwisya kina majengo ambayo kila Mkara anajua yametoka wapi: fedha za rambirambi za ile ajali zilielekezwa huko. Unapita makaburi ya pamoja, unaingia wodini. Sijui niliseme vipi jambo hili, kwa hiyo nimeliandika lilivyo.

Nesi aliyempima dada alitukalisha akatueleza kama anayefundisha darasa la tatu, nami nilimshukuru kwa hilo. Siki ikipakwa, seli zilizoanza kubadilika zinakuwa nyeupe. Si saratani bado, ni njia ya kuelekea huko, na njia hiyo huchukua miaka. Doa likiwa dogo wanalichoma palepale kwa kifaa cha joto kinachoshikwa mkononi kama tochi, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. La dada lilikuwa limeshatambaa karibu mlango wote, na kifaa kile hakilifai. Lazima likatwe kwa waya mwembamba wenye umeme, na waya huo uko Mwanza. Akaandika barua ya rufaa kwa mwandiko unaosomeka, akagonga muhuri.

Halafu akanigeukia. "Na wewe mama, umepimwa lini?"

Nikasema mimi nimesindikiza tu. Akacheka, akavaa glavu. Dakika tano. Dada alikuwa nje anamsimulia kila aliyepita kwamba mdogo wake amekamatwa. Majibu yangu yalikuwa mazuri, namshukuru Mungu. (Kwa akina mama wanaosoma: ukiwa na miaka 30 mpaka 50 usisubiri dalili. Hakuna risiti ya kulipa, na aibu inaisha kabla hujashuka kitandani.)

Binti wa dada, yuko darasa la sita, alitusindikiza mpaka gatini amebeba kapu. Yeye alichanjwa shuleni mwezi wa nne, ile chanjo ya virusi vinavyoleta saratani hii. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka huu, Aprili, wamehamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Alikuwa anamwonyesha mama yake sehemu ya bega. "Hapa, mama. Haikuuma." Mama yake alikuwa ameshika barua.

Kivuko kilitaka kuondoka saa nane, hakikuondoka. Gari lilikuja mbio limebeba mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu usiku na mtoto amelala vibaya. Watu walimpisha bila kuambiwa. Mwanamke mmoja alivua khanga yake akaikinga kama pazia upande wa abiria. Tulivuka kimya. Ng'ambo, gari jingine lilikuwa limeshawasha injini linamsubiri. Huu ndio mpango wa m-mama: unapiga 115 bila malipo, wanaopokea wanatafuta gari, liwe la wagonjwa au la dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na dereva analipwa na mpango. Ulianza kwa majaribio huku kwetu Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kusambazwa nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Nilipokuwa msichana, mjamzito wa kisiwani aliyekwama usiku alikuwa anaombewa tu.

Gari likaondoka na vumbi lake. Sisi tukabaki tunapatana bei na mchomoko. Dada akasema, "Yule wanamkimbiza kwa kuwa anapiga kelele. Mimi ugonjwa wangu hauna kelele." Nikadhani anatania.

Jumanne 20 Agosti: Nansio

Ukiwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, usiruke ngazi. Kadi inafuata barua: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu mkoa. Ukikimbilia mjini moja kwa moja utalipa kama mpita njia. Kwa hiyo tulipita hospitali ya wilaya hapa Nansio, daktari akaangalia upya, akakubaliana na nesi wa Ukara, akaandika barua yake juu ya ile. Saa nne tumemaliza. Kilichonishangaza ni wazee: wana dirisha lao na hawapangi foleni na sisi.

Kadi yenyewe ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwa dada wako saba. Wakati wa kujiandikisha walimwacha nje mtoto mkubwa "kwa sababu haugui ovyo". Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa bungeni 2023, na wakati huo tulikuwa bado tunasubiri ifike gatini.

Mchana nilishona sare mbili za shule ili nipate nauli. Dada alilala.

Jumatano 21 Agosti: meli ya Mwanza

Meli iliondoka saa mbili asubuhi, daraja la tatu 8,000 kila mmoja. Ziwa lilichafuka kidogo baada ya saa moja. Anayeogopa mawimbi kuna njia ya Rugezi: pantoni fupi mpaka Kisorya, halafu gari mpaka Bunda na barabara kuu ya Mwanza. Ni ndefu na inakula siku nzima, ila huoni maji mengi.

Tulikaa karibu na mzee mmoja wa Murutunguru anayekwenda kliniki ya shinikizo la damu. Alikuwa na mfuko wa nailoni wenye kila karatasi aliyowahi kupewa hospitali, na alitukariria historia bila kuombwa. Kwamba baada ya Azimio la Arusha matibabu ya serikali yalikuwa bure, ila kufika miaka ya themanini ulikwenda zahanati ukapewa pole na klorokwini. Kwamba 1993 wakaanza kutoza, na yeye mwenyewe siku moja alimrudisha mkewe nyumbani kwa kukosa mia chache. Nikamuuliza lipi lilikuwa bora. Akafikiri muda mrefu. "Sasa dawa ninazipata miezi mingi kuliko miezi ninayozikosa," akasema. Hakuniambia kama hiyo ni sifa au lawama.

Saa tano na nusu Mwanza ikaonekana, na hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, pale ilipokaa tangu 1971. Mzee akaionyesha kwa kidevu. Zamani mgonjwa wa saratani wa kanda hii alipandishwa treni mpaka hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi waliaga kabisa wakiondoka. Leo mionzi inapatikana hapo juu kilimani. Dada aliangalia upande mwingine. Neno hilo hakutaka kulisikia kwenye meli.

Gesti 15,000, chumba kimoja, kitanda kimoja, ndoo ya maji. Kuna za 10,000 ila milango yake haifungi.

Alhamisi 22 Agosti: mashine ipo

Hospitali yenyewe siitaji. Ni ya umma, ni kubwa, na wengi mliopita Mwanza mmeshaingia kwenye moja ya aina yake.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini, mbele yetu watu arobaini hivi. Mapokezi, faili jipya, kadi ikasomwa na kompyuta, sawa. Shinikizo la damu likapimwa. Lilikuwa limepimwa Ukara na Nansio vilevile. Majibu ya damu ya Nansio yalikuwa mkononi mwetu, ila hapa wanataka ya kwao. Kompyuta ziko kila mahali siku hizi, namba ya malipo inakuja kwenye simu, hakuna wa kukuomba "ya soda" dirishani kwa sababu fedha haipiti mkononi mwake. Hilo ni jema kubwa na walioteseka zamani wanalijua. Lakini kompyuta ya Nansio na ya hapa hazisalimiani. Kinachounganisha hospitali mbili ni karatasi iliyokunjwa ndani ya sidiria ya dada yangu.

Saa saba tukafika mlango wenyewe. Nesi mtu mzima alisoma barua zote mbili, akatuita pembeni. Mashine ipo, akasema, na ni nzima. Aliyefundishwa kuitumia yuko semina, anarudi Jumatatu.

Nikauliza, hakuna mwingine? Akasema alikuwapo, amehamishwa.

Dada hakusema kitu mpaka tulipofika barabarani. Akaniuliza siku nne za gesti ni shilingi ngapi. Nilijua anajua.

Kwa hiyo hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika hapa: kabla ya kupanda meli, mwombe aliyekuandikia rufaa apige simu kule unakokwenda aulize kama mtu yupo. Usiulize mashine, uliza mtu na siku yake ya kliniki. Wana namba za wenzao. Wakiombwa wanapiga, ila usipoomba barua itakwenda peke yake kama chupa majini.

Ijumaa mpaka Jumapili

Tulisubiri. Kurudi Nansio na kuja tena ni ghali kuliko kukaa.

La kukumbuka ni mama ntilie wa nyuma ya hospitali, Msukuma mmoja mnene mwenye sauti. Siku ya kwanza alituuzia wali na sato kwa 3,500 kama watu wote. Siku ya pili akauliza tunasubiri nini. Siku ya tatu akatupa sahani mbili kwa bei ya moja na kumwambia dada akae kivulini amchambulie mchele, "ili usijione unasaidiwa". Wako wengi wa namna yetu pale, watu wasiolazwa na wasioweza kurudi. Kuna baba wa Kome aliyekuwa analala kwenye kibaraza, mtoto wake wodini. Wodi inamlisha mtoto uji. Baba anajua mwenyewe. Nilipomwambia mama ntilie "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, alinicheka matamshi.

Jumatatu 26 Agosti: waya

Mtaalamu alikuwapo kabla yetu. Kijana mdogo, mpole, na siku hiyo alikuwa na wanawake kumi na mmoja waliorundikana kwa ajili ya semina yake. Alituomba radhi mmoja mmoja, nami hasira niliyokuwa nimeitunza siku nne ikakosa pa kukaa. Hakujipeleka semina mwenyewe. Na semina yenyewe, nilivyomsikia, ilikuwa ya kuwafundisha wengine kazi hii hii.

Dada aliingia saa sita kasoro. Sindano ya ganzi, akaniambia baadaye, kisha sauti kama ya jiko la umeme, na harufu ambayo hataki kuizungumzia. Dakika ishirini hazikufika. Alitoka anatembea mwenyewe, akaomba chai.

Kinyama kilichokatwa kiliwekwa kwenye kichupa na fomu. Kipimo chake kadi haikukilipia: 30,000. Majibu wiki tatu au nne, kwa kuwa wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache na vichupa vinatoka mikoa mingi. Pale kwenye fomu pana nafasi ya namba ya simu. Andika namba ya mtu ambaye simu yake haizimi. Dada aliandika yangu.

Jumanne 27 Agosti: dawa na masharti

Dawa tatu ziliandikwa, dirishani tukapata moja. Nyingine mbili tulinunua duka la nje ng'ambo ya barabara kwa 18,500. Muuzaji aliisoma karatasi kwa kasi ya mtu aliyezoea.

Masharti: asibebe ndoo wala kapu la dagaa, na asikutane na mume kwa wiki sita. Hili la pili dada alinitaka nimwambie shemeji mimi. Nikamwambia hapana, mimi ni shemeji yake, nitaanzia wapi? Nesi mtu mzima, yule yule, alichukua karatasi yenye nembo ya hospitali akaandika kwa herufi kubwa WIKI SITA, akagonga muhuri. Shemeji anaheshimu muhuri.

Usiku, gesti, tukapiga hesabu. Hospitali: 48,500, yaani kinyama na dawa za nje. Kulala usiku saba: 105,000. Chakula cha watu wawili: 92,000. Nauli zote, tukiweka na za kurudi: 74,000. Dada alizitazama zile tarakimu kwenye ukurasa wa vipimo vya mtu wa kiuno 34. "Kwa hiyo matibabu si ghali," akasema. "Ghali ni mimi kuwa mahali pengine." Nikamkumbuka yule mjamzito na magari yake mawili. Yeye wamemtengenezea njia, na inafanya kazi, niliiona kwa macho. Anayeweza kutembea bado hajatengenezewa.

Jumatano 28 Agosti: kurudi

Ziwa shwari. Tukashuka Nansio, kijana wa bodaboda akataka kumpakia dada, nikamkatalia, tukachukua gari mpaka Bugolora na kuvuka jioni. Kule Ukara mwezi ulikuwa umeshapungua na giza limerudi. Shemeji alikuwa ziwani. Karatasi ya muhuri tuliibandika ukutani juu ya redio, atakapoingia aione mwenyewe.

Jumatatu 30 Septemba, nyongeza

Nilikuwa nakata kitenge simu ikalia. Nesi mtu mzima, kwa namba yake binafsi na salio lake. Majibu yametoka. Kwa utaratibu tulitakiwa kuyafuata, yaani meli, gesti, na kila kitu tena, ila alipiga picha karatasi akanitumia, kisha akanisomea polepole: mabadiliko makubwa, hatua ya mwisho kabla ya saratani, na kingo za kilichokatwa ni safi. Wamekiondoa chote. Arudi kupimwa baada ya mwaka mmoja.

Nikampigia dada. Akanyamaza, nikasikia kuku na watoto. Kisha akauliza kama karatasi inasema Agosti yenyewe au hata Septemba itafaa, maana Agosti ijayo hajui mbalamwezi itaangukia wiki ipi, na kopo la nauli ameshalianza.